Agroveti (duka la dawa na chakula cha mifugo) ya nyuma ya soko Malindi, kwa sisi wafugaji wa huko ndani

Nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu ya chakula cha kuku na hao vifaranga wa oda, ntafika huko.

Wenye kuku watatu hapa mjini kwenye kibanda cha waya wataona ni duka tu kama mengine, dogo, limebanana, harufu ya dawa ya kupe inakupokea barabarani hata hujaliona lenyewe. Mie nawaandikia wenzangu wa barabara ya Sala Gate, ile ya kwenda Tsavo, kuanzia Kakoneni kupanda Langobaya mpaka huko ndani kwa watu wa mbuzi, ambako kufuata dawa ni siku nzima imekwenda na ukiuziwa kitu sicho huwezi kusema ntarudi baadae nibadilishe, baadae ni wiki ijayo na huyo mbuzi ashaliwa na fisi au na wenyewe. Kwa hivo cha kwanza ninachoangalia ni aliyesimama kaunta, anajua anachouza ama tunasoma lebo pamoja mie na yeye.

Hapa wanajua. Mwenye duka ni mama wa makamo, na kuna dada mmoja wa kaunta ambaye amesomea mifugo, na huyo dada ana tabia moja itakukera kama una haraka, hakuuzii kitu mpaka akuhoji. Juzi mbele yangu alikuwepo mzee katoka upande wa Jilore, ameshika noti mkononi tayari, anataka ile dawa ya unga ya njano ya kuku. Dada akamwambia, "Shikamoo baba, kwani kuku wana nini?"

"Marahaba. Wanakufa tu."

"Kinyesi rangi gani?"

"Kijani kijani hivi."

"Na shingo, zinapinda?"

Mzee akasema kuna mtetea mmoja tangu jana anazunguka pale pale kama amepagawa, kichwa kimegeukia mgongoni. Basi dada akamrudishia noti yake, akamwambia baba hicho ni kideri, hiyo Newcastle yenyewe, na hiyo dawa ya njano ni ya bakteria, kideri ni kirusi, hata ukiwapa kopo zima hawaponi. Tenga walio wazima mbali, waliokufa chimbia chini sana au choma, usiwatupe kichakani mbwa wakasambaza, na tafadhali baba usikimbilie kuwauza hao waliobaki sokoni maana utaupeleka ugonjwa kwa jirani. Wakitulia rudi uchukue chanjo. Mzee hakufurahi hata kidogo, aliona kama ananyimwa, akatoka akavuka barabara kwenda duka jingine na nadhani huko alipata alichotaka, sisi wapwani ukitunyima dawa tunaona umetudharau. Lakini niambie, duka gani linakurudishia noti ambayo ushaitoa mfukoni?

Chanjo ndo kitu kinachonirudisha hapa kila mara. Wanauza ile ya kideri iitwayo I-2, ya tone la jicho. Hii ilitengenezwa Australia makusudi kwa vijiji visivyo na friji, inastahimili joto zaidi ya zile nyingine, lakini inastahimili si kwamba uitembeze juani kwenye dashbodi ya probox, hizo gari zetu za abiria, mpaka Langobaya. Dada anaitoa kwenye friji ukishalipa, sio kabla, anaikunja na gazeti, anaisokomeza kwenye chupa ya chai na vipande vya barafu, na ukisahau kuja na chupa wanakuuzia kile kiboksi cha povu wanachowekea samaki kwa bei ya kawaida tu. Alafu anakueleza, tone moja jicho moja, subiri kuku apepese ndo umwachie, ukimwachia mapema tone limeenda manyoyani na hujachanja kitu. Jioni wakishapanda kulala au alfajiri kabla hujafungua banda, maana mchana utamkimbiza nani na jua hili. Walio wagonjwa usiwaguse. Rudia kila miezi mitatu minne. Ukishaichanganya imalize siku hiyo hiyo, usiseme ile iliobaki ntaiweka mpaka kesho.

Shida ni kwamba kichupa kidogo kabisa walichonacho ni cha dozi mia moja, na nani kwetu ana kuku mia? Sisi tunachangishana, majirani wa boma tatu nne, mmoja anakuja mjini, jioni hiyo tunatembea boma kwa boma na tochi za simu, watoto wanakamata sisi tunadondosha. Hata ingekuwa una kuku kumi peke yako bado ningekwambia nunua, hesabu bei ya jogoo mmoja wa Krismasi au wa Idi uone kama kichupa ni ghali.

Upande wa mbuzi. Hapa ndo niliwapenda zaidi kwa sababu kila duka ukiingia ukisema minyoo unapewa chupa, "mpe mili kumi mama", basi, bila kuuliza mbuzi ni mkubwa kiasi gani. Dada huyu swali la kwanza ni wangapi wana mimba, na mimba changa au kubwa, kwa sababu hii albendazole tunayoizoea sote haifai kwa mbuzi mwenye mimba changa, inaweza kuharibu mtoto. Hilo nililisikia hapa mara ya kwanza. Alafu ananionyesha kwenye picha iliyo ukutani, shika mbuzi, vuta kope ya chini, angalia ndani. Nyekundu nzuri, mwache, hana haja ya dawa. Nyeupe kama karatasi, huyo minyoo wanamnyonya damu, huyo mpe leo. Na usiwape wote kila mara eti kwa sababu umenunua chupa kubwa, minyoo wanaizoea dawa na siku ukiihitaji kweli haifanyi kazi. Sasa fikiria, muuza dawa anakwambia usitumie dawa. Nilienda nyumbani nikakagua kundi zima kope kwa kope, wale ninaowaona wanene kumbe mmoja kope zake nyeupe pee, na yule mkongwe aliyekonda ambaye kila mtu anasema chinjeni huyo, kope nyekundu, ni meno tu yamemwisha.

Dawa ya kupe pia wana utaratibu. Ile ya kuchanganya na maji kwenye pampu ya mgongoni, ya amitraz, kabla hawajakupa wanauliza, una punda? Maana hiyo ya mbuzi na ng'ombe ni sumu kwa punda na farasi, na kwetu punda ndo bomba la maji, ukimuua punda umeua nyumba nzima. Mie ninao, kwa hivo nafunga punda mbali na upepo siku ya kunyunyiza. Pampu kama huna wanaazima kwa siku, unaacha amana, ukirudisha imeoshwa unapata pesa yako yote, ukirudisha na dawa ndani wanakata na wana haki.

Chanjo ya sotoka ya mbuzi (PPR) na ile ya homa ya mapafu hawauzi, usiende ukabishana nao. Wanakuelekeza ofisi ya mifugo ya kaunti, hizo ni za serikali na zinakuja kwa kampeni. Wana bango la sotoka mlangoni, ile ambayo dunia inasema itaimaliza ifikapo 2030, na namba ya afisa wameiandika chini kwa kalamu ya wino. Nimeipiga, ilipokelewa, alikuja baada ya majirani wengine pia kupiga. Mbuzi akianza kutoa makamasi mazito, macho yana tongo, mdomo una vidonda na anahara, usisubiri kampeni, piga.

Haya, lawama sasa.

Chakula cha kuku. Magunia wanayafungua na kuyapanga mlangoni pale, wanauza kwa kilo, na hewa ya Malindi mnaijua, chumvi na unyevunyevu, nguo yenyewe ukiianika usiku inalala mbichi. Kipindi cha masika nilipima kilo kadhaa za chiki mashi, chakula cha vifaranga, nikatia mkono ndani ya gunia nikahisi vuguvugu na vidonge vimegandana, nikanusa, harufu ya chumba kilichofungwa. Nikawaambia, nipimieni ya gunia jipya. Wakanipimia, hawakununa, lakini kwa nini nisingesema wangenipa ile? Ukungu kwenye chakula unaweza kuleta sumu, hiyo aflatoksini, na vifaranga hawana ini la kuhimili hiyo. Kwa hivo ushauri wangu, hapa nunua dawa na vitamini, chakula ukiweza nunua gunia lililoshonwa ugawane na mwenzako, au fanya kama tunavyofanya wengi huko ndani, pumba za mahindi, machicha ya nazi ya siku hiyo hiyo, vumbi la dagaa kutoka kwa wale kina mama wa soko la samaki, na mchwa. Mchwa ni bure. Chungu kikuukuu, mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, rashia maji, kifudikize juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi vifaranga wanakula kama wako harusini.

Na vifaranga wa oda. Hawa wanaletwa na basi usiku kutoka kwa mtotoleshaji wa mbali, jina silitaji na duka sio mwenye kosa, ni wa kienyeji walioboreshwa, unaweka nusu ya pesa mbele kisha unasubiri simu. Kwenye oda yangu maboksi yalifika jua lishapanda, badala ya alfajiri, na waliokuwa kona ya chini walikuwa washalala chali. Hapa niwape duka sifa yao, walifungua boksi mbele yangu, wakahesabu wafu, wakanirejeshea pesa ya hao papo hapo kwa M-Pesa bila kelele, wakawapa waliobaki maji ya glukosi kwa bakuli kabla hawajanipa. Ila waliokufa njiani kwenda kwangu au usiku ule nyumbani ni wangu, na wanakwambia hivo mapema, kwa hivo fungua boksi pale pale usione haya.

Lakini kuna jambo hawakuambii mpaka uulize, nawaambia mie. Hawa kuku wa kuboreshwa wanakua haraka kweli na mayai wanataga, lakini kuatamia wengi wao hawana habari nako, wanataga wanaenda zao. Ukitaka waendelee lazima uwe na mitetea wako wa asili wa kuwalalia mayai, usije ukachinja wote kwa furaha ya wageni. Na mwewe! Kifaranga aliyelelewa na mama yake, mama akipiga ule mlio mmoja wote wako chini ya mkorosho kabla hujageuza shingo. Hawa wa boksi hawana mama, mwewe anapita wao wanamtazama juu kama ndege ya watalii. Nimewafungia uani chini ya wavu mkuukuu wa uvuvi mpaka walipokuwa na manyoyo kamili, na hata hapo nguchiro alipata wake. Kama boma lako liko peupe bila miti, mie ningesema baki na wa asili uwachanje, utafika mbali zaidi.

Bei wako kawaida, sio rahisi kuliko wote, kuna duka upande wa stendi dawa ya minyoo wanauza chini kidogo. Risiti wanatoa bila kuombwa na wanaandika tarehe ya kuisha ya dawa juu yake, hilo sijaliona pengine.

Mambo madogo madogo. Ijumaa kuanzia kama saa sita na nusu wanafunga kwa swala, wanafungua saa nane hivi, kwa hivo ukitoka huko ndani siku hiyo fika mapema au utakaa kwenye benchi la nje na jua la uso. Chanjo usiichukue asubuhi ukaenda nayo kuzunguka sokoni, lipia uiache frijini kwao, ichukue ukiwa unaenda kupanda gari, wanakubali. Picha za mgonjwa wanapokea kwa WhatsApp, piga picha ya kinyesi na ya uso, sio ya kuku mzima kwa mbali. Na wakikuambia vifaranga wanafika Alhamisi, uliza ni Alhamisi asubuhi ama jioni, maana probox za kwetu zikishajaa mchana zimeondoka, na hakuna mtu wa gesti atakayekukaribisha wewe na boksi linalolia usiku kucha.