Vuli ya Ulaya kwa Mpenda Kula: Safari Ipi Inastahili Pesa Zako

Wauza safari hukuvutia Ulaya kwa picha za majani mekundu. Majani ni ya bure na yamejaa kila mahali. Unacholipia hasa ni meza, na meza za vuli zina tarehe zake: ukichelewa wiki mbili unakuta zabibu zimeshakamuliwa, ukiwahi wiki mbili unakuta zeituni bado ziko mtini. Vuli ninayoisema ni ya Septemba hadi Novemba, wakati miti inapopukutisha majani, si ile ya mvua. Safari hizi nimezipanga kwa swali moja kwanza: kuna nini mezani ambacho ukija Mei hukipati? Gharama na usumbufu wa kufika nimevipima baadaye.

Namba moja ni Tirol Kusini, jimbo la milimani kaskazini kabisa mwa Italia, ambako wenyeji wengi huzungumza Kijerumani. Kuanzia Oktoba hadi Novemba wakulima wa bonde la mto Isarco hukaribisha wageni katika vyumba vyao vya kulia. Desturi hiyo huitwa Törggelen, kutokana na Torggl, mtambo wa kukamulia zabibu. Mchana unatembea mlimani, jioni unafika shambani njaa ikiwa imekushika kwelikweli. Inatangulia supu ya shayiri. Zinafuata Schlutzkrapfen, tambi za umbo la nusu mwezi zilizojazwa spinachi na jibini laini, halafu sinia la nyama na kabichi iliyochachushwa. Mwisho huletwa kastania, kokwa za kahawia zilizochomwa mpaka maganda yakapasuka, pamoja na Sußer, maji ya zabibu ambayo ndiyo kwanza yanaanza kuchacha. Kinywaji hicho hakisubiri: baada ya muda mfupi kimekuwa divai ya kawaida.

Nimeiweka juu kwa sababu huhitaji gari wala utajiri. Treni ya bondeni husimama Bressanone, Chiusa na Bolzano, na nyumba nyingi za wageni humpa mgeni kadi ya Südtirol Guest Pass ya kupandia mabasi na treni za jimbo bila kulipa tena. Kuna pia njia ya miguu iitwayo Keschtnweg, njia ya kastania, inayopita katikati ya miti yenyewe. Ila chagua shamba kwa makini. Siku hizi neno Törggelen limebandikwa hata kwenye mikahawa isiyo na mzabibu hata mmoja. Unapopiga simu uliza: divai ni yenu? Kastania ni zenu? Jibu likisitasita, tafuta kwingine. Na sinia lile mara nyingi ni nyama ya nguruwe, kwa hiyo kama huli, mwambie mwenye shamba siku ya kuweka nafasi, usingoje mpaka umeketi.

Namba mbili ni Umbria, katikati ya Italia, na kwa asiyekunywa pombe naipandisha iwe ya kwanza bila kusita. Watu huzunguka dunia kuonja divai, lakini mafuta ya zeituni yaliyotoka kinuni siku hiyohiyo ni wachache waliowahi kuyaonja. Ni ya kijani kibichi, yana harufu ya majani yaliyokatwa, na yanakereketa kooni mpaka ukohoe. Kukereketa huko si kasoro. Kunatokana na kemikali ya asili iitwayo oleokanthali, nayo hupungua jinsi mafuta yanavyokaa, ndiyo maana chupa ya dukani haikupi ladha ile. Vinu hufanya kazi Oktoba na Novemba, na wikiendi za msimu huo vingi hufungua milango kwa wageni chini ya mpango uitwao Frantoi Aperti. Fikia Trevi: mji uko kilimani, umezungukwa na mizeituni, na treni husimama chini yake. Utapewa mkate uliochomwa, kitunguu saumu na mafuta. Hiyo ndiyo karamu yote, na inatosha.

Alba, mkoani Piemonte, wengi wangeipa namba moja. Mimi naipa ya tatu kwa sababu ya bei tu. Huko ndiko kwenye tartufo nyeupe, uyoga unaoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti, unaonuswa na mbwa na kuuzwa kwa maelfu ya euro kwa kilo. Haupikwi. Hukunwa mbichi juu ya tajarin, tambi nyembamba zilizokandwa kwa viini vingi vya mayai. Maonyesho yake ya kila mwaka hufanyika wikiendi za Oktoba na Novemba, na ustadi wa kuusaka uliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021. Migahawa mingi hutoza kwa gramu, kwa hiyo uliza bei kabla mhudumu hajaanza kukuna, na utaje gramu unazotaka. Kula mara moja, katika chakula kimoja, kisha siku zilizobaki kula vyakula vya kawaida vya mkoa. Na jihadhari na mafuta yenye harufu ya tartufo: mengi hutiwa harufu ya kiwandani.

Bonde la Douro, Ureno, lina mandhari ya kuliza. Lakini ni la Septemba, labda na siku za mwanzo za Oktoba. Hapo ndipo unaweza kukuta zabibu zikikanyagwa kwa miguu ndani ya mabirika ya mawe, kazi inayotangulia divai ya Porto. Uchachukaji wake hukatizwa kwa kutia pombe kali ya zabibu, na sukari ikabaki. Treni kutoka Porto hadi Pinhão hufuata mto: kaa upande wa kulia. Ukienda Novemba, kazi imekwisha, umebaki na kastania za sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11.

Normandy, Ufaransa, ni ya wapenda jibini. Camembert, Livarot na Pont-l'Évêque, kila moja jina la jibini na la mahali inakotoka, ni majirani, na matofaa huvunwa wakati huo kwa ajili ya sida, yaani pombe ya matofaa, na Calvados, pombe kali inayotokana nayo. Tatizo ni gari: bila gari huzunguki, na dereva haonji. Juisi ya matofaa, hata hivyo, ni tamu mno.

Galway, Ireland, ina chaza wa asili ambao msimu wao huanza Septemba, na tamasha lao limekuwepo tangu 1954. Kasoro yake ni kwamba Ireland haimo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo huenda ukalazimika kuomba viza nyingine kabisa. Munich, Ujerumani, naiacha mwisho: Oktoberfest, tamasha lake la bia, hupandisha bei za vyumba mno, na kumbi za bia za mji huo ziko wazi mwaka mzima.

Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu 2024. Kwa safari ya Oktoba, anza Aprili. Na ukinunua mafuta Umbria, chukua ya kopo badala ya chupa, uyaweke kwenye mzigo wa chini ya ndege.