Saa ya GPS kwa mzee mwenye dimensia: uzoefu wangu hapa Morogoro

Baba yangu alifanya kazi reli tangu ujana hadi alipostaafu, na sasa dimensia, ugonjwa unaokula kumbukumbu na fahamu, imemrudisha kazini kimawazo. Ikishapita alasiri huanza kuulizia kofia yake, anasema zamu imefika, na mkigeuka kidogo tu ameshatoka. Akipita kona mbili tatu, njia ya kurudi imempotea. Nawaandikia wenye mzazi wa namna hii, kwa sababu nilipokuwa natafuta kifaa cha kumfuatilia nilikuta maneno mengi ya wauzaji na machache mno ya watu wanaokitumia katika nchi hii.

Nianze na hukumu yangu: saa ya GPS, yaani inayojua ilipo kwa satelaiti, imetusaidia na sitaiacha. Lakini kifaa cha namna hii kinachaguliwa kwa kuangalia tabia za mgonjwa na mtandao wa mahali anapopita. Hayo mengine yanayosifiwa kwenye boksi ni nyongeza.

Kutangatanga ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Shirika la Alzheimer's Association la Marekani linasema watu 6 kati ya 10 wenye dimensia hufikia kutangatanga. Na tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu: utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kiasi cha asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi wana dimensia. Mtaani kwetu bado wapo wanaosema amerogwa. Sibishani nao, ila nawaomba namba zao za simu, maana hao hao ndio watakaomwona akipita.

Dada yangu anayeishi Marekani alitaka kwanza kututumia AirTag ya Apple. Ni kidude kidogo cha kutafutia vitu vilivyopotea, betri yake ya kidonge hukaa karibu mwaka mzima, kwa hiyo kilivutia. Tatizo ni kwamba hakina GPS ndani. Kinatoa mawimbi ya Bluetooth, na ni iPhone za watu wanaopita karibu ndizo zinazopeleka taarifa za mahali kilipo. Mitaa anayopita baba, watu wengi wameshika Tecno na Infinix. Isitoshe, Apple wenyewe wanasema wamekitengeneza kwa ajili ya vitu, si watu, na kikikaa mbali na mwenyewe kwa muda huanza kulia ili kumzuia mtu asifuatiliwe kwa siri. Ulinzi huo ni mzuri na naukubali, lakini kwa mzee anayeogopa sauti asizozijua ni mateso.

Dada alinieleza pia kuhusu Project Lifesaver, mpango ulioanzia Virginia mwaka 1999. Mgonjwa huvishwa bangili yenye kisambaza mawimbi ya redio, na akipotea, askari waliofunzwa hutoka na antena wakifuata mlio. Hauhitaji laini ya simu wala satelaiti, kwa hiyo hata mgonjwa akiwa ndani ya jengo au kichakani mawimbi yanaweza kunaswa. Nilitamani sana tungekuwa nao. Lakini bangili bila kikosi chenye antena ni pambo tu, na hapa kikosi cha namna hiyo sina wa kumwita. Ndipo nikaamua saa.

Niliipata Kariakoo kwa laki moja na kidogo. Inapokea mawimbi ya satelaiti, inajua ilipo, kisha inatuma mahali hapo kwenye simu yangu kupitia laini iliyomo ndani. Laini ni lazima isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Niliisajili kwa jina langu, si la baba, ili ikisumbua niweze kuishughulikia bila kumburuta mzee hadi dukani. Bando dogo la intaneti linatosha mwezi. Saa nyingi za bei hii hutumia 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha zamani, ambao hapa kwetu bado uko hewani. Ndugu zetu walio nje waangalie hilo kabla hawajanunua: Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G tangu mwanzo wa 2017.

Jambo lililotutesa zaidi hakuna boksi linalolitaja: udhu. Baba anaswali swala zote tano, na ugonjwa haujamnyang'anya hilo. Kila akienda kutawadha alivua saa akaiweka juu ya ukuta wa birika, akaingia msikitini, akatoka kwa mlango mwingine. Ramani inaniambia mzee yuko msikitini ametulia, kumbe iliyotulia ni saa. Nikampelekea fundi saa aubadilishe ule mkanda wa plastiki aweke wa ngozi wenye kifungo kigumu kidogo, tena uwe umelegea kiasi cha saa kusogezwa juu na maji yakapita chini yake. Sasa baba anaisogeza, anatawadha, anairudisha. Angekuwa hajazoea kuvaa saa maisha yake yote, nadhani tungeshindwa. Kwa mama mwenye hali hii ningeangalia kwanza kitu ambacho hatoki bila hicho, iwe pochi au mkufu, halafu ndiyo nitafute kifaa cha kuingia humo.

Betri ni ugomvi wa kila siku. Ukiiweka itume mahali ilipo kila dakika, haifiki jioni. Nikaiweka kila dakika kumi, na akitoweka naiagiza kutoka kwenye simu itume haraka zaidi. Ratiba yetu ni kwamba saa inachajiwa baada ya Isha, wakati nyumba nzima iko macho mezani, kisha inarudi mkononi mwake kabla hajalala. Usiuache mkono mtupu usiku, maana wagonjwa hawa hutoka usiku pia. Tumeongeza kengele ya sumaku mlangoni, ile ndogo inayolia mlango ukifunguliwa. Haikugharimu hata robo ya bei ya saa, na ukweli ni kwamba mara nyingi yenyewe ndiyo inayomwahi. Umeme ukikatika tuna pawabenki iliyotengwa kwa saa tu, na watoto wamekatazwa kuigusa.

Sasa ile siku iliyonifundisha kuisoma ramani. Mama alikuwa uani anachambua mchicha, baba akaondoka. Nikafungua simu: nukta iko ng'ambo ya barabara kuu iendayo Dodoma, upande ambao baba hana shughuli nao. Mdogo wangu akataka tukimbilie huko. Nikaona nukta ile imezungukwa na duara pana, alama kwamba saa imekosa satelaiti na imekisia kwa kutumia minara ya simu. Kisio la mnara linaweza kukosea kwa mamia ya mita, hata kilomita. Maana yake ni kwamba mzee alikuwa ndani ya jengo au chini ya paa la bati. Mdogo wangu akaenda kwenye nukta, mimi nikaelekea stesheni ya zamani, huku nikipigia kijiwe cha bodaboda kilicho njiani. Kabla sijafika duara likanywea, nukta ikakaa kando ya reli. Alikuwa amejikinga jua kwenye banda, na alipotoka tu satelaiti zikamwona. Kijana wa bodaboda alifika kabla yangu.

Akamwambia, "Shikamoo mzee. Zamu imeisha, nimetumwa nikurudishe." Baba akapanda bila neno.

Vijana hawa tuliwafundisha mapema, na nashauri kila familia ifanye hivyo kabla ya kununua chochote. Mjie kwa mbele akuone, usimshike mkono ghafla, usimbishie anachokiamini. Tena msitegemee aitike mkimwita jina. Mgonjwa wa dimensia aliyepotea anaweza kukaa kimya hatua chache kutoka kwa wanaomtafuta, akiwa mtaroni au kwenye vichaka, kwa hiyo mtu apite akitazama, si kuita tu.

Kuna uzio wa kwenye ramani pia: unachora mduara kuzunguka nyumba, akiutoka simu inalia. Mwanzo ulilia ovyo, hata baba akiwa kitandani, kwa sababu ya makisio yale ya minara. Nilipoupanua hadi mita 300 hivi ukatulia.

Upande wa usalama nilikasirika. Saa ilikuja na namba ya siri 123456. Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Avast ilieleza kuwa imekuta vifaa kama laki sita vya kufuatilia watu vyenye namba hiyo hiyo, maana yake mgeni yeyote angeweza kumwona mzazi wako alipo. Ibadilisheni kabla saa haijavaliwa. Saa yetu ina pia uwezo wa kupigiwa kimyakimya ukasikiliza yanayozungumzwa karibu na mvaaji. Ujerumani walipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo huo mwaka 2017. Nimeuzima na sitauwasha. Kujua baba yuko wapi ni haja ya usalama wake, lakini maongezi yake na wazee wenzake ni yake.

Shangazi alikataa mwanzoni. Alisema tunamfuatilia kaka yake kama mhalifu. Sikumjibu kwa hoja, nilimwomba aje asubuhi, saa ambazo baba huwa na kumbukumbu nzuri, nikamweleza baba mbele yake: "Baba, ukivaa saa hii nitajua ulipo nije kukuchukua." Akaigeuzageuza, akasema, "Vizuri. Na stesheni masta atajua nikichelewa." Akaivaa mwenyewe. Siku asizokumbuka namweleza upya, na akikataa simlazimishi. Siku hiyo mmoja wetu anatembea naye.

Nisingemshauri kuinunua anayeishi juu huko Uluguru ambako mtandao unakatika kila ukivuka kilima. Hata satelaiti zikionekana, saa haina njia ya kukutumia taarifa. Kwa mzee wa mjini anayetembea mwenyewe na aliyezoea saa, inafaa.

Ukienda kununua, nenda na laini iliyokwisha kusajiliwa na yenye bando. Mwambie muuzaji aiweke, kisha mtoke naye hadi barabarani penye anga wazi, mngoje nukta ya satelaiti itokee kwenye simu yako. Huchukua dakika chache. Ndani ya majengo yale marefu haitatokea, na atakuambia ukifika nyumbani itakaa sawa. Asiyekubali kutoka nje na wewe, mrudishie saa yake uende duka la pili.