Matoleo ya zamani ya Transition: anza na barua

Ukipata nafasi ya kusoma matoleo ya zamani ya Transition, lile jarida la fasihi na siasa ambalo Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961, usikimbilie majina makubwa kwenye jalada. Fungua kurasa za barua za wasomaji. Humo ndimo moto ulimo.

JSTOR, hazina ya majarida mtandaoni, wanayo, ila pale kila makala inakuja peke yake. Mimi nilifaidi zaidi mabuku yaliyojalidiwa maktabani, maana unaona nani kamjibu nani. Toleo la 10, Septemba 1963, Obi Wali, mhakiki wa Nigeria, anasema fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya imefika ukingoni. Toleo linalofuata, waandishi Wole Soyinka wa Nigeria na Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini wanamrukia. Mwaka 1965, katika toleo la 18, Chinua Achebe, mwandishi mwingine wa Nigeria, naye anautetea uandishi wake wa Kiingereza. Ajabu ni kwamba ugomvi wote huo, hata upande wa Wali, ni kwa Kiingereza! Kiswahili hakina nafasi ya maana humo, na hilo liliniudhi, kwa jarida lililochapishwa Afrika Mashariki.

Ali Mazrui, msomi wetu wa Mombasa, yumo pia. Mwaka 1966, Rais Nkrumah wa Ghana akiwa ndiyo kwanza kapinduliwa, Mazrui anamwita mfalme wa Kilenin, yaani mfuasi wa Lenin anayetawala kama mfalme, na wasomaji wanamjia juu. Mwaka uliofuata mwandishi Mmarekani Paul Theroux anawafananisha wazungu waliokuja kufanya kazi huku na Tarzan, yule shujaa mzungu wa msituni katika hadithi na sinema. Hiyo nilicheka peke yangu.

Lakini barua iliyonikalisha ni ya mbunge Abu Mayanja, 1968, akihoji kwa nini Waafrika hawateuliwi kuwa majaji Uganda. Oktoba mwaka huohuo yeye na Neogy walikamatwa. Barua tu ya msomaji, jamani!

Jambo jingine: jarida lilipata fedha kupitia shirika ambalo baadaye ilifichuka lilikuwa likifadhiliwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Nilisoma nikilitafuta jicho la mfadhili. Sikuliona waziwazi, waandishi wanapigana kila upande. Nawe angalia mwenyewe.

Mashairi nimeyaruka mengi, isipokuwa ya mshairi wa Nigeria Christopher Okigbo. Wanawake ni wachache mno.

Nalipatia jarida hili nyota nne kati ya tano. Kama muda ni mdogo, chukua toleo la 10 hadi la 18, kisha ruka hadi 1966.