Nacheza peke yangu, sasa seva ya nini?

Jamani naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Gemu yenyewe ni ya mpira, jina naliacha. Mambo ya grafiki na idadi ya ligi mtayakuta kila mahali, mi nataka niongelee kitu kimoja tu, ile fainali.

Kwanza mjue mi ni mchezaji wa kawaida kabisa. Sio wale wa kukesha, sio wa mashindano, sirekodi video. Nikitoka kazini nikishaoga na kula nakaa na padi, mechi moja mbili, nalala. Na wala sichezi na watu, nacheza ile modi ya kocha, mimi na kompyuta basi. Nachukua kitimu kidogo cha daraja la chini ambacho hakina mbele wala nyuma, nauza wazee, nakuza vijana wa akademi, nakipandisha taratibu. Kuna winga mmoja wa kushoto nilimtoa akademi, jina lenyewe kapewa na kompyuta, alikuja hata krosi hajui kupiga, nikamlea msimu hadi msimu mpaka akawa nahodha. Huo ndio utamu wa hii gemu na lazima niuseme, hakuna gemu nyingine ya mpira iliyowahi kunipa raha hii. Mvua ikinyesha uwanjani mpira unakuwa mzito kweli, pasi uliyozoea haifiki, inabidi ubadilishe mchezo wako wote. Wachezaji wakichoka unawaona kabisa wanavyoburuta miguu dakika za mwisho. Waliotengeneza upande huo wa mpira wanaupenda mpira, wabarikiwe.

Sasa hapo juzi kati tumefika fainali ya kombe, kwa mara ya kwanza tangu nianze na ile timu. Moja moja, dakika za nyongeza zinakatika, winga wangu kamla chenga beki wa kulia, kaingia ndani ya boksi, kipa katoka golini, nanyanyua kidole nipige, skrini ikaganda. Ikaja maandishi katikati: muunganisho na seva umepotea, yaani zile kompyuta za kampuni ambazo gemu inaunganishwa nazo kwa intaneti. Chini yake kitufe kimoja, sawa. Yaani hakuna jaribu tena, hakuna endelea bila mtandao, ni sawa tu. Sawa ya nini? Nikabonyeza, ningefanyaje, ikanitupa mpaka menyu ya kwanza kabisa. Na intaneti yangu ilikuwepo, simu hapo pembeni inacheza video bila kukwama hata kidogo. Nikijaribu kuingia tena naambiwa seva ziko kwenye matengenezo. Baadaye sana ilipokubali nikakuta fainali imeandikwa nimefungwa tatu bila! Mechi iliyokuwa moja moja! Eti mfumo unahesabu nimekimbia mechi. Nimemkimbia nani? Kompyuta? Na kuseivu inaseivu yenyewe huko huko kwenye seva zao, kwa hiyo hata kurudi nyuma nirudie mechi haiwezekani.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa heshima zote, nikaeleza vizuri na picha ya skrini nikaweka. Jibu likaja papo hapo, yaani muda ambao hakuna binadamu angekuwa amemaliza kusoma: mpendwa mchezaji, tafadhali hakikisha kifaa chako kimeunganishwa na intaneti imara. Nikawajibu kwamba seva ni zenu, na matengenezo mmetangaza wenyewe. Likarudi jibu lile lile neno kwa neno, halafu chini yake wananiomba niipe huduma yao nyota. Nikaandika tena, wakafunga malalamiko yangu wakaandika tatizo limetatuliwa. Hapo ndipo nilipochemka kweli, maana kufungwa kwenye gemu nimezoea, lakini kuambiwa umehudumiwa wakati hakuna mtu hata mmoja aliyekusikiliza, hiyo ni dharau.

Nikaenda kuuliza kwenye chati ya wachezaji ya humo humo ndani, nikijua nitapata hata pole. Wa kwanza: nubu (yaani asiyejua gemu), nunua intaneti. Wa pili: mtu mzima unacheza na kompyuta? Wakacheka pale wakaendelea na mambo yao. Hii tabia inanikera kuliko hata zile seva. Nani aliweka sheria kwamba gemu lazima iwe vita na lazima uwe na ranki ya kujitangaza? Kuna watu tunacheza kupumzisha kichwa na tumelipa hela ile ile waliyolipa wao. Kampuni imeniharibia kitu nilichonunua halafu mchezaji mwenzangu anaitetea kampuni, anapata nini? Mmoja tu ndiye aliyenifuata pembeni akaniambia ndugu yangu pole, na mimi ilinikuta hivyo hivyo kwenye nusu fainali. Huyo nimemshukuru sana.

Na wasituambie haiwezekani. SimCity ya 2013 ilitoka ikitaka seva muda wote hata kama unajenga mji wako peke yako, siku za mwanzo watu wamelipa na kuingia hawawezi, na 2014 ikaletwa apdeti ya kucheza bila mtandao. Kumbe iliwezekana! The Crew ndio kabisa, ile gemu ya magari ya Ubisoft ya 2014, ilikuwa na stori nzima ya kucheza mwenyewe lakini bila seva haiwaki, na seva zilipozimwa mwisho wa Machi 2024 gemu ikafa kwa kila aliyeinunua, hata mwenye diski mkononi. Ndipo ikaanza ile kampeni ya Stop Killing Games, ya kudai gemu watu walizonunua zisiuliwe hivyo, na saini za raia wa Umoja wa Ulaya zikavuka milioni 1 mwaka 2025. Watu milioni na zaidi hao, nao wote ni manubu wasio na intaneti? Kule California, Marekani, walipitisha sheria mwaka 2024, muuzaji wa vitu vya kidijitali asiandike nunua kama anachokupa ni leseni tu bila kukuambia wazi. Mi niliandikiwa nunua, tena kwa herufi kubwa.

Halafu mtu ana katriji ya gemu ya zamani, Super Mario Bros. ya 1985, akiichomeka leo kwenye mashine yake inawaka, haimuulizi akaunti wala seva. Miaka 40!

Nilipoanza kuandika nilitaka kutoa nyota tatu, kwa ajili ya mpira wenyewe, maana mpira ni mtamu na nimeshasema. Lakini nikikumbuka lile neno limetatuliwa nashuka mpaka moja. Nikisema msinunue nitakuwa sijawatendea haki wale wa kucheza mechi na marafiki mtandaoni, hao labda watafurahi, ingawa nao siku seva zikizimwa moja kwa moja watakuja kunielewa. Kwa anayecheza peke yake kama mimi, hapana, achana nayo, au uliza kwanza kama inawaka intaneti ikiwa imezimwa kabisa, wakizunguka zunguka kujibu ujue haiwaki. Lakini winga yule, jamani, mwacheni tu, mi bado ile chenga naiwaza.

Nimeifuta kwenye konsoli. Kombe sidai, hela sidai, nadai apdeti moja tu ya modi ya kocha kuseivu kwenye konsoli yangu mwenyewe na kuchezeka mtandao ukiwa haupo. Siku wakiileta nitairudisha siku hiyo hiyo na hizi nyota nitazibadilisha mwenyewe, na nne nitatoa bila kuombwa. Kwa sasa ni moja.