Programu ya duka yenye madirisha yasiyosalimiana

Nimeitumia hii programu ya mauzo miezi minne sasa, duka la vipuri vya pikipiki, jina lake sitaji maana jamaa aliyeniuzia bado namdai sapoti. Upande wa stoo iko poa, ripoti ya jioni inatoka fasta, hapo sina neno. Shida ni madirisha. Unafungua la kutafuta bidhaa, unaandika pleti za klachi, zinakuja na namba na bei, unabonyeza Chagua, linajifunga, unarudi kwenye dirisha la risiti unakuta patupu. Yaani limechagua kitu halafu limekufa nacho! Fundi mmoja akanieleza kwamba dirisha la kutafuta lilitakiwa likabidhi ile bidhaa kwa dirisha la risiti lililolifungua kabla halijajifunga, sasa hawa waliotengeneza programu wameacha kila ukibonyeza linazaliwa jipya, halijui hata limetumwa na nani. Mteja kasimama kaunta anapiga miluzi, mimi nakopi namba, napesti, narudi kukopi bei, napesti tena.

Kilichoniokoa ni Windows yenyewe, ukibonyeza kitufe cha Windows na V kwa pamoja inafunguka orodha ya ulivyokopi, ukishaiwasha inatunza vitu 25, ipo tangu 2018 na mimi nimeijua juzi tu jamani. Ukirestati mashine vinafutika isipokuwa ulivyovipini, kwa hiyo namba za bidhaa zinazotoka sana nimezipini zote. Nyota mbili kati ya tano, na hiyo ya pili ni kwa ajili ya ripoti.