Masizi kwenye valvu za Mark X: dawa ya kununua na ya kuachana nayo

Asubuhi unawasha Mark X, inatetemeka kama mtu mwenye homa kwa nusu dakika, kisha inatulia. Baada ya wiki mbili taa ya injini inawaka. Fundi anachomeka mashine, inasoma P0300: injini inamisi, na haisemi ni silinda gani. Unabadilisha plagi, unabadilisha koili, ugonjwa uko palepale. Kama injini yako ni 4GR-FSE, ile V6 ya lita 2.5 iliyomo kwenye Mark X GRX120 na Crown Athlete nyingi, anza kuyashuku masizi yaliyoganda kwenye valvu za kuingizia hewa.

Yanatoka wapi? Kwenye injini kama 1NZ-FE ya Vitz na IST, nozeli inamwaga petroli kwenye njia ya hewa, kabla ya valvu, kwa hiyo petroli inaiosha valvu kila inapopita. 4GR-FSE inaipiga petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Valvu yake haijawahi kuona tone la petroli tangu gari litoke kiwandani Japani. Inachokiona ni hewa, pamoja na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka tumbo la injini kupitia valvu ya PCV. Mvuke huo unakuta chuma cha moto, unaganda, unaungua, tabaka juu ya tabaka, mpaka shina la valvu linakuwa kama mti uliopandwa na mchwa.

Golf za TSI na Mazda za SKYACTIV-G ziko kundi hilihili. Kwa Toyota angalia herufi FSE mwishoni mwa namba ya injini, ila 2GR-FSE ya lita 3.5 usiitie hofu: ina nozeli za ndani na za nje, kwa hiyo valvu zake zinaoshwa.

Basi kila unapouziwa dawa ya masizi, uliza swali moja tu: hiki kitu kinafika mgongoni mwa valvu? Nimepanga orodha yangu kwa swali hilo.

Namba moja: kupuliza maganda ya jozi

Jozi ni ile njugu ya kizungu yenye ganda gumu. Ganda linasagwa likawa chengachenga, linapulizwa kwa kompresa kwenye tundu la hewa huku mashine ya kufyonza ikilivuta kwa upande mwingine. Linakwangua masizi bila kukwaruza chuma. Ukiwa na dalili tayari, hii ndiyo kazi ya kulipia. Gharama kubwa haiko kwenye maganda, iko kwenye kufungua manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) na kuifunga.

Hapa ndipo fundi anapochaguliwa. Mwulize anajuaje kama valvu imefunga kabla hajapuliza. Fundi anayeijua kazi atakwambia anazungusha injini kwa spana kwenye puli, silinda moja baada ya nyingine, mpaka valvu zake mbili za hewa zikae. Valvu ikiwa wazi, maganda yanaingia kwenye silinda na umejinunulia kesi nyingine. Akuonyeshe picha za kamera ya waya kabla na baada, valvu zote 12. Gasketi za manifoldi ziwe mpya. Na akikwambia maganda yamekwisha ila mchanga laini upo na unafanya kazi ileile, chukua ufunguo wako uondoke. Mchanga unakula kuta za silinda.

Namba mbili: kulowesha na kusugua kwa mkono

Manifoldi inafunguliwa vilevile, dawa inamiminwa juu ya valvu iliyofungwa, inaachwa iloweke, halafu brashi ya nailoni au shaba. Matokeo ni mazuri kama fundi ana subira, maana ni kazi ya siku nzima na zaidi. Kwa mji usio na mashine ya kupuliza, hii inatosha kabisa. Bisibisi ya chuma isisogee hapo.

Namba tatu: oili

Najua wengi wangeweka makopo ya kupuliza hapa. Mimi naweka oili, kwa sababu masizi yenyewe ni oili. Kuna kipimo kinaitwa Noack: oili inapashwa moto hadi nyuzi 250 kwa saa moja, halafu wanaangalia uzito uliopotea kwa kugeuka mvuke. Daraja la API SP, kiwango cha ubora kinachoandikwa kwenye galoni, linaruhusu hadi asilimia 15. Tafuta sintetiki ya 5W-30 yenye asilimia 10 au chini yake. Namba hiyo mara nyingi haiandikwi kwenye galoni, iko kwenye karatasi ya maelezo ya kiufundi ya kampuni, kwa hiyo itafute kwenye simu kabla hujafika dukani. Nunua kwa wakala unayemjua. Galoni feki yenye lebo nzuri ni mbaya kuliko oili ya kawaida iliyo halali.

Namba nne: kopo la kupuliza njia ya hewa

Mfano wake ni CRC ya valvu za GDI, yaani injini zinazopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini ikiwa ya moto na inazunguka, unapuliza kidogo kidogo baada ya sensa ya hewa (ukiilowesha sensa umeiua), unazima, unaacha saa moja, kisha unaenda safari ya barabara kuu. Linafika kwenye valvu, ndiyo, ila kwa masizi mabichi. Yaliyokwisha kuwa ukoko hayatoki. Zuri kwa injini iliyosafishwa karibuni, kila kilomita 15,000 hivi.

Namba tano: kopo la kunasa mvuke wa oili

Linafungwa katikati ya mpira wa PCV. La bei poa mara nyingi ni kopo tupu, mvuke unaingia na kutoka ulivyokuja. Lifungue kabla ya kulipa: ndani kuwe na wavu wa chuma au vizuizi. Ukiwa mtu wa safari fupifupi utamwaga kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Ni maji na oili, usishtuke. Ukisahau kumwaga, bora usingelifunga.

Namba sita: dawa ya kutia kwenye tangi

Zenye PEA (kemikali ya kuyeyusha masizi, iangalie kwenye lebo) zinasafisha nozeli na kichwa cha pistoni, na kwa kazi hiyo nazinunua. Kwa valvu, sifuri. Petroli haipiti huko.

Ya mwisho: mashine ya haidrojeni

Gereji moja waliniunganishia mashine ya mapovu kwa nusu saa, moshi ukatoka, nikalipa nikiwa nimeridhika. Wiki hiyohiyo fundi wangu akaingiza kamera. Akanipa simu nione, akacheka: "Kaka, hawa wamekuuzia hewa." Masizi yalikuwa mazito, meusi, hayajaguswa. Gesi ile inawaka ndani ya silinda, na moto unapowaka valvu imefunga. Mgongo wake hauoni kitu.

Jambo moja kabla hujalipia lolote: chomoa stiki ya oili. Kama unaongeza oili kila mwezi, ringi zimechoka, na valvu utakazosafisha leo zitachafuka upesi.

Na kama gari lenyewe bado hujalinunua, mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Mtetemo wa masizi unaonekana injini ikiwa baridi. Ukikuta boneti ina joto, rudi kesho asubuhi.