Ramani ya simu isiyohitaji bando: inafaa wapi, inakwama wapi

Siku hizi siingii mji nisioujua bila kuwa nimeupakua kwanza kwenye simu. Nazungumzia zile programu za ramani unazojaza data ukiwa bado nyumbani, halafu ukifika unatembea nazo bila bando wala laini ya nchi hiyo. Ziko nyingi, na kadhaa zinachota data zake OpenStreetMap, ule mradi wa ramani ya watu wa kujitolea ulioanza Uingereza mwaka 2004. Jina la niliyoizoea siliweki hapa, maana ninachopima ni huduma ya aina hii, si kampuni moja.

Hukumu naitoa mapema. Kwa kukuonyesha ulipo, sijaona mpinzani wake. Kwa kukwambia upite wapi, isikilize kwa sikio moja.

Wengi bado wanaamini kwamba simu isiyo na intaneti haiwezi kujua iko wapi. Inajua. Kipokezi cha GPS kinasikiliza tu, hakitumi chochote. Kinanasa mawimbi ya setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, na kikishapata angalau nne kinapiga hesabu ya mahali uliposimama. Anga ikiwa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Hata ukiiweka katika hali ya ndege, simu nyingi zinaendelea kukuonyesha kile kinukta cha buluu kikitembea nawe mtaani.

Kinachoudhi ni kuanza. Simu yenye intaneti huletewa upesi habari za setilaiti zilipo. Isiyo nayo inabidi izipokee kutoka huko huko angani, na zinashuka taratibu mno, biti 50 kwa sekunde. Ndiyo maana mtu anatoka uwanja wa ndege, anafungua ramani, anakodoa macho, kinukta hakiji, anaanza kuilaumu simu. Fungua ramani ukiwa bado kwenye waifai, karibu na dirisha, iache ikupate, ndipo utoke nje. Ukishachelewa, simama mahali peupe na uwe na subira ya dakika chache.

Kipimo chake halisi ni kutoka stesheni ya treni za chini ya ardhi. Unapanda ngazi, unaibukia katikati ya maghorofa, watu wanakupita kushoto na kulia, nawe hujui hata kaskazini ni wapi. Kinukta kinakuweka barabara ya nyuma, kinarukia ng'ambo, kinarudi. Mawimbi yanagonga kuta kabla ya kukufikia, kwa hiyo simu inazidisha umbali na hesabu inapinda. Mshale wa kuonyesha unakotazama ndio usiseme: unategemea dira iliyomo ndani ya simu, nayo huvurugwa na chuma kilicho karibu au hata kava lenye sumaku. Mimi mshale siutazami kabisa. Natembea hatua thelathini hivi upande wowote na kuangalia kinukta kinaelekea wapi. Kikienda sivyo, nageuka. Hilo limenisaidia kuliko kuizungusha simu hewani kama mtu anayefukuza nzi.

Tena kazi inaanza ukiwa bado chini, kwa kutafuta namba ya mlango wa kutokea. Stesheni ya Shinjuku kule Tokyo ina milango zaidi ya 200. Ukitokea usio wako unaweza kujikuta upande wa pili wa reli, na kuzunguka na mzigo si mchezo. Kabla ya safari huwa natazama mlango ulio karibu na ninakokwenda, naandika namba yake pembeni mwa jina la hoteli.

Sasa hilo la sikio moja. Programu inatafuta njia fupi, basi. Haijui kama una begi la magurudumu, kama ni saa tano za usiku, au kama uchochoro ule una taa. Iliwahi kunipeleka kwenye daraja la waenda kwa miguu, ngazi tupu, begi linagonga kila kipandio hadi juu, wakati mita chache mbele palikuwa na kivuko cha kawaida kabisa. Bustani nayo inaiona kama njia hata kama geti linafungwa jioni. Kwa hiyo mstari wake nauchukua kama pendekezo, kisha nakuza ramani na kujichagulia barabara kubwa, hata ikiongeza dakika kumi. Nakariri kona tatu na alama moja isiyopotea machoni, tuseme mto au mnara: nyoosha hadi mto, vuka, kona ya pili kulia. Simu inarudi mfukoni. Mtu anayetembea macho kwenye kioo anajitangaza kuwa ni mgeni, na wakwapuaji hawahitaji tangazo refu. Nikilazimika kuangalia tena, naingia mlangoni mwa duka na kuupa ukuta mgongo.

Anwani zina vituko vyake. Japani mitaa mingi haina majina, nyumba inatajwa kwa namba ya eneo, ya kitalu na ya jengo. Venice, Italia, namba za nyumba hazifuati mtaa. Zinahesabiwa kwa wilaya nzima, zile sita za mji wa zamani, na hufika maelfu, kwa hiyo namba mbili zinazofuatana zaweza kuwa pande mbili za kona. Humo vichochoro ni vyembamba hivi kwamba kinukta chenyewe kinababaika, na vibao vya njano ukutani vinavyoelekeza daraja la Rialto au uwanja wa San Marco vinakufikisha kwa amani zaidi. Nilichojifunza ni kutoitegemea anwani ya kuandika. Naweka alama kwenye ramani mapema, namuuliza mwenye nyumba mlango unatazama upande gani, na naipiga picha anwani kwa maandishi ya huko ili nimwonyeshe dereva wa teksi.

Kwa usafiri wa umma programu hizi ni dhaifu. Kituo cha basi utakiona, lakini habari kwamba basi limebadilishiwa njia leo hutaipata bila mtandao. Hapo ramani ya ukutani stesheni ni bora, ila nayo ina hila: ile ya treni za London, ambayo Harry Beck aliichora na ikatolewa mwaka 1933, ilirahisisha umbali makusudi ili isomeke, na miji mingi ikaiga mtindo huo. Kutoka stesheni ya Leicester Square hadi ya Covent Garden ni mita 260 hivi tu, lakini wageni wanashuka chini ya ardhi kungoja treni. Ramani ya simu ingewaonyesha kwamba wangefika kwa miguu mapema tu.

Na bado nauliza watu. Siulizi "hii ndiyo njia ya stesheni?" kwa sababu mtu mwungwana au mwenye haraka atajibu ndiyo, yaishe. Nauliza "stesheni iko upande gani?" na kutazama mkono wake. Mkono ukisita, nashukuru na kumtafuta mwingine.

Betri haimalizwi sana na GPS, inamalizwa na kioo kinachowaka muda wote, hivyo punguza mwanga na uzime kioo katikati ya kona na kona. Pawabenki ibebe hata hivyo, pamoja na kikaratasi chenye anwani ya unakolala.

Pakua upya siku chache kabla ya kuondoka, maana barabara hufungwa na mitaa hubadilishwa mwelekeo. Angalia nafasi kwenye simu pia: programu nyingine hazikupi mji peke yake, zinashusha jimbo au nchi nzima, na simu iliyojaa picha itagoma katikati. Na kabla ya kupanda ndege, zima data, fungua ramani, tafuta hoteli yako ndani yake. Isipoonekana, una muda wa kupakua tena.